Maswali ya Wasomaji: Ukurasa wa Tovuti Unapotumia Kadi ya Michoro ya Mashine Yako

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nina saiba ndogo hapa Kayole yenye mashine 6, zote nilizinunua zikiwa zimetumika. Nne zina Windows 10 na mbili zimebaki na Windows 7. Juma lililopita mwanafunzi mmoja alifungua ukurasa wa kuondoa mandhari ya nyuma kwenye picha ya pasipoti, na mara feni ikaanza kuvuma kama kinu cha kusaga unga. Ukurasa wenyewe ulieleza kwamba kazi inafanywa na kadi ya michoro ya mashine yangu, ilhali hakuna mahali tulipoulizwa kama tunaruhusu. Kabla ya kuufunga, kijana alifungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye kichupo cha pili akaandika neno lake la siri. Je, ule ukurasa wa kwanza ungeweza kuliona? Na je, kitu hiki nikizime?
Mwenye saiba, Kayole

JIBU: Ndugu yetu wa Kayole, hamkuulizwa kwa sababu vivinjari havina swali hilo. Ukurasa ukitaka kamera, maikrofoni au kujua mahali ulipo, kivinjari huomba ruhusa yako kwanza. Ukitaka kadi ya michoro, yaani chipu inayochora picha za kwenye skrini, huingia bila kubisha hodi. Imekuwa hivyo tangu kundi la Khronos, linaloweka viwango vya michoro, lilipotoa WebGL, njia ya ukurasa kuitumia kadi hiyo, mwaka 2011, na ikabaki hivyo njia mpya zaidi, WebGPU, ilipowashwa katika Chrome toleo la 113 mwaka 2023. WebGL iliundwa kwa ajili ya kuchora. WebGPU inachora pia, lakini juu ya hilo inauwezesha ukurasa kupiga hesabu za aina yoyote, maelfu kwa mpigo mmoja, na ndiyo sababu feni yako ilivuma vile.

Wasiwasi wako una historia. Mwaka uleule wa 2011 kampuni ya Microsoft ilitangaza hadharani kwamba haiwezi kuiunga mkono WebGL, ikieleza kwamba inaziachia draiva, yaani programu zinazoendesha kadi za michoro, mzigo mkubwa mno wa usalama. Mwaka 2013 iliiweka katika Internet Explorer 11, lakini hoja yake haikuzikwa. Draiva huandikwa na mtengenezaji wa chipu, ni programu kubwa sana, na sehemu yake hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji, mahali ambapo kosa moja huweza kuiangusha mashine nzima au kumpa mgeni mamlaka ambayo hakustahili.

Kwa hiyo waundaji wa vivinjari hawauruhusu ukurasa kuzungumza na draiva ana kwa ana. Amri za ukurasa hukaguliwa kwanza na kivinjari, kisha huandikwa upya kwa namna ambayo, zikijaribu kusoma nje ya kumbukumbu zilizopewa, hazitapata data ya mwingine. Kumbukumbu hufutwa kabla ya kukabidhiwa ukurasa, na kazi yote hufanyika katika mchakato uliotengwa na sehemu nyingine za kivinjari. Hata saa ya kupimia muda wa hesabu ndani ya kadi imefanywa butu kwa makusudi, kwa kuwa anayeweza kupima muda kwa usahihi mno anaweza kubaini mambo asiyoonyeshwa. Ulinzi huu si wa maneno matupu. Mwanzoni mwa 2024 kampuni ya utafiti ya Trail of Bits ilionyesha kwamba baadhi ya chipu za Apple, AMD na Qualcomm ziliacha mabaki ya data ya programu moja yakasomwa na programu nyingine, hata majibu ya mfumo wa akili mnemba yakaweza kunakiliwa; lakini njia ya WebGPU haikuonekana kuathirika, kwa sababu ya ukaguzi ambao kivinjari huuongeza.

Sasa nije kwa neno la siri la yule kijana. Kulisoma moja kwa moja, herufi kwa herufi, kutoka kichupo cha pili, ukurasa ule haukuweza, mradi kivinjari kilikuwa kimesasishwa. Kuna njia ya pembeni, hata hivyo, nami sitaki kukuficha. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, walitumia WebGPU kuichunguza hifadhi ndogo ya haraka iliyo ndani ya kadi za NVIDIA na AMD, kadi 11 kwa jumla. Mtu akiwa ameuacha ukurasa wao wazi huku akiandika kwingine, waliweza kutambua muda uliopita kati ya kubonyeza kitufe kimoja na kinachofuata. Vidole vya mwandishi havitumii muda sawa kutoka A hadi S na kutoka A hadi P, na ndani ya tofauti hizo mna habari ya kumsaidia mwenye kukisia. Hilo ni jaribio la maabara, tena linalohitaji ujuzi mkubwa, na sidhani kwamba mwenye tovuti ya picha za pasipoti anahangaika nalo. Hata hivyo watafiti hao walipendekeza kwamba kadi ya michoro ipewe hadhi ya kamera na maikrofoni, yaani iombewe ruhusa, nami nakubaliana nao kabisa. Najua jibu la wanaopinga: kwamba watu watabonyeza ndiyo bila kusoma. Lakini wewe, uliyesikia feni ikivuma ukashtuka, ungesoma.

Usidhani pia kwamba kuizima WebGPU kunamaliza kila kitu. Shambulio lililoitwa GPU.zip, lililotangazwa mwaka 2023 na watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, lilikisia rangi za ukurasa mwingine, nukta baada ya nukta, kwa kupima jinsi chipu inavyobana data ya picha, na halikuhitaji WebGPU hata kidogo. Kulisoma jina moja la mtumiaji wa Wikipedia kuliwachukua kama nusu saa kwenye mashine moja ya AMD. Kurasa zinazokataza kuwekwa ndani ya tovuti nyingine haziguswi na mbinu hiyo.

Linalonitia hofu zaidi katika barua yako ni zile mashine mbili za Windows 7. Toleo la mwisho la Chrome lililokubali Windows 7 ni la 109, la Januari 2023. Kwa kuwa WebGPU ilikuja katika toleo la 113, unaweza kudhani kwamba hizo ndizo salama zaidi saibani kwako. Sivyo. WebGL imo ndani yake, draiva zake ni za kale, na makosa mengi yaliyogunduliwa na kuzibwa tangu wakati huo bado yako wazi kwako. Usimruhusu mteja aingie eCitizen wala iTax, tovuti ya kodi, kwenye mashine hizo; zibadilishie mfumo, au uziache kwa kuchapa na kuskani tu. Zile nne za Windows 10 nazo ziangalie upesi, kwani msaada wake wa kawaida kutoka Microsoft ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kuhusu kuzima: ndani ya mipangilio ya Chrome, kwenye sehemu ya mfumo, kuna kitufe cha kutumia kadi ya michoro. Ukikizima, video zitakwama kwenye mashine dhaifu na wateja watalalamika. Kwenye Firefox unaweza kuifunga WebGPU pekee: andika about:config kwenye upau wa anwani, tafuta dom.webgpu.enabled, uiweke false. Mimi ningeweka Firefox ya namna hiyo kwenye mashine moja, niitenge kwa shughuli za serikali na benki, na kila mteja anapoondoka nikifunge kivinjari chote, siyo kichupo tu.

SWALI: Nabuni mabango Ngara, nami huutumia ukurasa wa kuondoa mandhari ya nyuma kwenye picha kila siku. Wenye ukurasa wanasema picha za wateja wangu haziendi popote. Nitahakikishaje?
Mbunifu, Ngara

JIBU: Kama kweli hesabu inafanyika kwenye kadi yako, hiyo ni faida kubwa, kwa maana sura ya mteja ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na usipoituma kwa seva ya mtu una jambo moja pungufu la kujibia. Fungua ukurasa, uache upakue kila unachohitaji, ujaribu kwa picha yako mwenyewe, kisha uzime Wi-Fi na uweke picha ya pili. Ikigoma, picha ilikuwa ikisafiri, au kuna kipande ambacho bado hakijapakuliwa, jaribu tena. Ikifanikiwa, ufunge ukurasa kabla ya kuwasha Wi-Fi tena, kwa sababu ukurasa ulioachwa wazi unaweza kuituma picha baadaye, mtandao utakaporudi.