Dagaa wapo, shida ni safari yao

Umeuliza kwa nini watoto wa mikoa ya bara wakose lishe ilhali Ziwa Victoria limejaa dagaa. Ndugu yangu, shida haiko kwenye kuvua. Inaanza alfajiri, mitumbwi ikishafika mwaloni, pale ufukweni inapoteremsha samaki.

Dagaa wengi huanikwa chini, kwenye mchanga au juu ya nyavu chakavu. Jua likiwaka vizuri hukauka ndani ya siku moja. Masika ikiwakuta wamelala chini, wanavunda, na hao huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Inaniuma sana, maana dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata kalsiamu, chuma na zinki nyingi kuliko kwenye mnofu wa sangara.

Chanja, yaani vichanja vya kuanikia vilivyoinuliwa kwa miti na wavu, zinabadilisha mengi: hewa inapita chini, mchanga haugusi, mvua ikitishia unafunika turubai. Umeme hauhitajiki. Lakini waanikaji wengi ni akina mama wanaonunua kwa ndoo, mtaji mdogo, na chanja inataka mbao na misumari. Mimi ningeanza kwa kuwakopesha hao, kabla ya kubandika bango lolote la lishe. Na mnunuzi wa jumla lazima aongeze bei kwa dagaa safi. Akimlipa sawa aliyeanika chanjani na aliyeanika mchangani, mwaka ujao wote watarudi mchangani.