Mahamri ya Mwambao na Maandazi ya Bara: kwa Nini Ndani Hayafanani

Ndugu yetu ameuliza kwa nini maandazi yake hayawi na uwazi ndani kama yale aliyokula Mombasa, ilhali amefuata vipimo vyote alivyopewa na jirani yake wa Dodoma. Nimekulia Mombasa katika nyumba iliyouza mahamri kila alfajiri, kisha nikaolewa Morogoro, kwa hiyo nimepika aina zote mbili kwa miaka mingi. Vipimo alivyopewa ni sahihi kwa maandazi ya bara, na maandazi ya bara hayakusudiwi kuwa na uwazi ndani.

Tofauti inaanzia kwenye kinachoumua unga. Mahamri huumuliwa kwa hamira na kukandwa kwa tui la nazi, pamoja na sukari na iliki iliyotwangwa wakati huo huo. Maandazi mengi ya bara hutiwa beking pauda na kukandwa kwa maziwa au maji, pengine na yai na siagi kidogo, kwa sababu ukishaondoka pwani nazi huwa ghali na hamira inadai muda ambao mama mwenye watoto wa kuwahi shule hana. Beking pauda huanza kutoa hewa mara inapolowana, na humaliza kazi yake inapokutana na joto la mafuta, hivyo unga wake hupumzishwa kwa muda mfupi tu kisha ukakaangwa. Ukiulaza hadi asubuhi, nguvu inapungua na andazi linakuwa zito. Unga wa hamira, kinyume chake, huvumilia kulala, na wapishi wengi wa Mombasa huukanda usiku ili wakaange baada ya sala ya alfajiri.

Kwa kilo 1 ya unga wa ngano mimi hutia sukari gramu 200 hadi 250, hamira kijiko kikubwa 1, iliki ya kutosha kunukia, na tui kiasi cha nusu lita au zaidi kidogo, kulingana na unga unavyolinywa. Tui liwe la kwanza, lile zito, na liwe vuguvugu tu, kwa maana tui la moto huiua hamira. Mafuta ya nazi yaliyomo ndiyo yanayolainisha hamri na kulifanya lisikauke haraka. Tui la pakiti linafaa pale nazi isipopatikana, ingawa nazi iliyokunwa kwa mbuzi na kukamuliwa papo hapo ina harufu ambayo pakiti haijawahi kunipa. Sukari isizidi, kwani huchelewesha hamira na kulifanya hamri liwe jeusi nje kabla ya kuiva ndani.

Uwazi wenyewe hupatikana katika kusukuma na kukaanga. Donge husukumwa duara kama chapati, unene wa karibu nusu sentimita na sawasawa pande zote, kisha hukatwa vipande vinne na kuachwa viumuke tena chini ya kitambaa. Mafuta yapate moto kiasi kwamba kidonge cha unga ukikitupa kinapanda juu mara moja. Kipande kinapoingia, ngozi ya chini huganda haraka, na hapo ndipo mpishi huchota mafuta ya moto kwa upawa na kuyamimina juu yake mfululizo, ili ngozi ya juu nayo igande. Maji yaliyo katikati hugeuka mvuke, mvuke hukosa pa kutokea, na ngozi mbili hizo huachana. Utaliona hamri likivimba mbele ya macho yako. Palipotoboka au palipokonda mvuke hutoroka, na pakiwa panene mno katikati huiva kama mkate. Ndiyo maana andazi la bara, ambalo hukatwa nene, mara nyingi la mraba au la duara, huwa limejaa ndani kama mkate. Lina utamu wake, hasa likiliwa na maharage na chai ya rangi kama wanavyofanya watu wengi Dar es Salaam, na sikubaliani na wenzangu wa pwani wanaolidharau. Hamri limeumbwa wazi kwa sababu mwenzake ni mbaazi za nazi: unalipasua, unachotea mchuzi, unakula.

Ukienda Nairobi utakuta pia kangumu, kavu na gumu, linalopendwa kwa sababu linashibisha na linakaa siku kadhaa bila kuharibika. Rwanda na Burundi wana amandazi, ambayo mengi huwa ya mviringo kama mpira mdogo. Uganda, pamoja na mandazi, wana kabalagala, ambayo si lazima iwe na ngano: ndizi tamu zilizoiva hupondwa na kuchanganywa na unga wa muhogo, kisha zikakaangwa. Kaimati, ambazo Tanzania wengi huziita kalimati, ni jamaa wa luqaimat wa nchi za Ghuba. Unga wake ni mwepesi wa kuchotwa kwa mkono, hudondoshwa kwenye mafuta na kumalizikia ndani ya shira, na mwezi wa Ramadhani hazikosekani kwenye futari.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukitaka uwazi badilisha beking pauda kwa hamira, usukume wembamba zaidi, na usiache kumimina mafuta juu. Maziwa unaweza kuyabakiza kama nazi haipatikani ulipo. Hamri litavimba vilevile, ila harufu ya pwani itapungua. Na usikaange vipande vingi kwa pamoja, maana mafuta hupoa, na unga ulioingia katika mafuta yaliyopoa huyanywa badala ya kuvimba.