Kujua si kulazimisha

Ndugu, umeuliza: kama Mungu alijua tangu mwanzo kwamba Petro atamkana Yesu, Petro angewezaje kufanya vingine?

Kujua jambo hakulisababishi. Nikikuona umeketi, si macho yangu yaliyokuketisha. Boethius, mwanafalsafa Mkristo aliyefariki yapata mwaka 524, alieleza kwamba Mungu haingojei kesho kama sisi. Nyakati zote ziko wazi mbele yake kwa pamoja.

Lakini usiishie kwa wanafalsafa. Soma 1 Samweli 23. Daudi yuko mji wa Keila, akiwindwa na mfalme Sauli, anamuuliza Mungu: watu wa mji huu watanitia mkononi mwa Sauli? Anajibiwa: ndiyo, watakutia. Basi Daudi akaondoka na watu wake kama 600, na Sauli aliposikia akaacha kwenda Keila. Mungu alijua hata lile ambalo halikutokea! Na kujua kwake hakukumfunga Daudi miguu, kulimfungulia njia. Kila nikifika hapo husimama kidogo.

Sasa Petro. Katika Luka 22, kabla ya anguko, Yesu anamwambia amemwombea ili imani yake isitindike. Kisha jogoo anawika, Bwana anageuka, anamtazama, na Petro anatoka nje akilia kwa majonzi. Huyo analia kama mtu anayejua kosa ni lake.

Wafuasi wa Calvin, yule mwanatheolojia wa Matengenezo ya Kiprotestanti, watakwambia Mungu hakujua tu, aliamuru. Nawaheshimu, ila kwa kilio kile cha Petro sijaweza kukubaliana nao.