Mwandikie Mtoto Kwamba Shosho Amekufa

Juzi dada mmoja aliniandikia. Amefiwa na mumewe, ana binti wa miaka mitano, na anataka kutunga kitabu cha picha kama changu, cha kumweleza mtoto kifo. Aanzie wapi? Nilimtumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na mbili na bado sikumaliza, kwa hiyo namalizia hapa.

Mama yangu alipokufa, mwanangu alikuwa na miaka minne. Tulimwambia shosho amesafiri. Safari aliijua: mtu anapanda basi pale Machakos Country Bus, anarudi na mahindi. Basi akamngoja. Kila gari likisimama langoni kwetu Buruburu, mbio hadi dirishani. Shangazi yake, kwa nia njema, akamwambia shosho amelala. Tangu hapo kumlaza ikawa vita, nami nikijipumzisha kwenye kochi ananifumbua kope kwa vidole.

Ndiyo maana kitabu changu kinasema "amekufa", ukurasa wa tatu, bila kuzunguka. Mchapishaji wa kwanza aliisifu michoro, kisha akalikata neno hilo kwa kalamu nyekundu na kuandika "ametutoka". Ukurasa wa kaburi akataka uwe upinde wa mvua. Nilikataa, na mpaka leo nikiikumbuka kalamu ile koo hunikaba. Nilichapa mwenyewe River Road kwa mkopo wa chama chetu cha akiba, nakala 300. Ziliisha.

Kwa hiyo dada, taja kifo kwa jina lake. Kurasa ziwe 32, maana karatasi kubwa ya mashine ikikunjwa hutoa 16, na ukizidisha kidogo unalipia karatasi tupu. Mwachie mchoraji nafasi. Nilikuwa na sentensi tatu kuhusu huzuni ya nyumba. Yeye akachora leso ya shosho ikining'inia nyuma ya mlango, nami nikazifuta zote tatu. Na tena, taja kifo kwa jina lake.

Sisi wazazi wa Nairobi tunachangisha pesa za mazishi, tunakodi mabasi hadi mashambani, tunapika sufuria kubwa kubwa, na mtoto tunamficha kwa jirani. Kisha tunashangaa anakojoa kitandani. Tuache kumdanganya mtoto. Anasikia vilio ukutani, na asiyeelezwa hujieleza mwenyewe, mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Jumamosi nilikisoma kitabu changu katika maktaba ya Kaloleni. Nilipofika pale mtoto anaposhika udongo kiganjani na kuutupa kaburini, mvulana mmoja wa miaka kama saba akasema, "Mimi sikutupa. Walinifungia kwa Mama Njeri." Akaomba niurudie ukurasa huo. Niliurudia mara nne, kidole chake kikiwa juu ya udongo.

Dada, anzia kwenye ukurasa huo. Ukishauandika, nitumie.