Mshale wa mafuta unaanguka nikikata kona

SWALI: Ndugu Fundi, nina pikipiki ya mwaka 1998 yenye geji ya mafuta ya mshale. Tangu mvua za masika, mshale huanguka hadi mwisho kila ninapokata usukani kushoto, kisha hurudi ninaponyoosha. Nimeshanunua sensa mpya ya tangi, lakini hali ni ileile, na sasa nashauriwa kununua geji. Je, nitoe fedha tena?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue geji kwa sasa, na ninasikitika kwamba sensa ulishainunua bila sababu. Sensa ya tangi ni boya lenye mkono unaoteleza juu ya kipingamizi cha umeme, na kukata usukani ukiwa umesimama hakuligusi boya hilo hata kidogo. Kinachokunjwa ni fungu la nyaya linalopita kwenye shingo ya fremu kuelekea kwenye dashibodi. Katika pikipiki ya umri huo nyuzi za shaba hukatika ndani huku ganda la plastiki likibaki zima, ndiyo maana fundi anayetazama kwa macho tu haoni kasoro. Ushike waya kwa vidole viwili na kuukunja polepole: sehemu nzima hukaza, ilhali palipokatika hulegea kama kamba ya katani.

Kabla ya kufungua chochote, washa swichi, weka gia huru, kisha kata usukani kushoto huku ukiitazama taa ya gia huru. Ikififia au kuzimika pamoja na mshale, kosa linaelekea kuwa kwenye waya unaoleta umeme kwenye dashibodi nzima. Ikibaki iking'aa vilevile, shuku nyaya za geji yenyewe, ukiwemo waya wake wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye fremu na betri.

Kipimo cha uhakika ni hiki. Toa waya hasi wa betri, chomoa soketi ya sensa chini ya tangi na ile iliyo nyuma ya geji, kisha pima kila waya kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) kutoka ncha hadi ncha, huku mwenzako akizungusha usukani pande zote mbili. Waya mzima husoma karibu na omu sifuri (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) muda wote. Uliokatika hupoteza usomaji usukani ukifika kushoto. Wako mafundi wanaounganisha nyaya mbili za soketi ya sensa ili waone kama mshale utakwenda mwisho wa pili. Njia hiyo hufaa kwa kuipima geji, mradi iwe kwa sekunde chache tu, kwa kuwa mkondo usiopita kwenye kipingamizi unaweza kuiunguza.

Ukiupata waya, usiufunge kwa tepu tu. Kata kipande kibovu chote, weka waya wa unene uleule, na uache nafasi ya kutosha ili usivutike usukani ukifika mwisho. Kiungo kilichochomewa kwa risasi kiwe mbali na shingo, kwa sababu risasi huufanya waya uwe mgumu, nao hukatika tena kando yake. Kazi ya kuchomea ifanyike baada ya tangi kuondolewa na kuwekwa mbali kabisa, kwani mvuke wa petroli huwaka hata pale ambapo mafuta yenyewe hayaonekani.