Kwa nini tunafua vitambaa vya altare kwa utaratibu wa pekee

Tumsifu Yesu Kristu. Ndugu yetu aliyeuliza amekabidhiwa sakristia (chumba cha kutunzia vyombo na mavazi ya Misa) ya kigango chao, na anaona maelekezo ya kukunja na kufua vitambaa vya altare, yaani madhabahu, ni mzigo wa bure, kwa kuwa Mungu hutazama moyo. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka 11, nami namjibu kwa heshima kwamba moyo wangu ulifundishwa na mikono yangu.

Korporale, kile kitambaa cheupe cha mraba kinachotandikwa chini ya kalisi (kikombe cha divai) na patena (kisahani cha Hostia), hukunjwa sehemu tatu kwa urefu na tatu kwa upana, daima kuelekea ndani, ili chembe ya Hostia, yaani mkate tunaouamini kuwa Mwili wa Kristu, ikibaki juu yake isianguke sakafuni. Jumapili yangu ya kwanza sikulijua hilo. Baada ya Misa nilikinyanyua nikaanza kukikung'uta kama kitambaa cha mezani. Mama mzee aliyekuwa akinifundisha alinishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unajua unamkung'uta nani?" Tulikitandaza upya, akainama akakikagua kwenye mwanga wa dirisha, pindo hadi pindo, na mimi nikasimama pale nikiona aibu ambayo hadi leo namshukuru Mungu kwayo.

Kuhusu kufua, purifikatori (kitambaa cha kupangusia kalisi) na korporale huloweshwa kwanza kwa maji matupu, kwa mkono, katika beseni lisilotumika kwa kazi nyingine. Hati ya Kanisa ya mwaka 2004 juu ya utunzaji wa Ekaristi, Redemptionis Sacramentum, namba 120, inausifu utaratibu wa kumwaga maji hayo ya kwanza katika sakrario, yaani sinki ambalo bomba lake huishia ardhini, au kuyamwaga ardhini mahali panapofaa. Sisi hatuna sakrario, kwa hiyo tunayamwaga nyuma ya ukuta wa altare, mahali pasipopitwa na watu. Baada ya hapo sabuni inaruhusiwa kama kwa nguo nyingine. Wanaotumia pasi ya mkaa waipitishe kwanza juu ya tambara, maana jivu dogo tu huacha doa kwenye kitambaa cheupe.

Hayo yote hayadai fedha. Kitambaa cha bei nafuu kilicho safi na kizima kinatosha kabisa.

Ama lile neno kwamba Bwana hutazama moyo, Samweli aliambiwa alipokuwa akivutiwa na sura na kimo cha Eliabu, mwana wa Yese, akidhani ndiye mfalme mteule (1 Sam 16:7). Lilihusu kumpima mtu kwa umbo lake, wala halikumwondolea mtu yeyote wajibu wa kuitunza madhabahu.

Ndugu yangu, jaribu Jumamosi hii. Fika mapema kabla ya wanakwaya, utandaze korporale mbele ya dirisha, uitazame polepole kabla hujaigusa kwa maji.