Kinyama kwenye ufizi: usikubali kikatwe kisha kitupwe

Dada mmoja wa Kisauni, Mombasa, mimba yake ya miezi mitano, amenitumia picha ya ufizi wake. Kinyama chekundu kimechomoza baina ya meno ya mbele, kikiguswa na mswaki tu chatoa damu. Mama mkwe amemshauri akifunge uzi kikauke chenyewe. Dadangu, usifunge kitu. Njia hiyo nimeipita.

Changu kilinitokea mimba ya pili. Nikidhani nimechomwa na mwiba wa samaki, kumbe kinakua, hata nikawa naamka mto una madoa ya damu. Siku ya arusi ya jamaa huko Majengo, wifi mmoja alisema mbele za watu, wala hakunong'ona, kwamba hiyo ni saratani na mtoto sijui atalelewa na nani. Nimemsamehe. Lakini kama anasoma hapa, asome vizuri.

Kliniki ya kwanza walinipiga sindano ya ganzi, wakakata, wakatupa kwenye ndoo. Hakuna aliyenisafisha meno, hakuna aliyetaja maabara. Pesa walipokea. Kinyama kikarudi pale pale kabla sijajifungua.

Aliyenitibu hasa ni daktari wa meno mwengine, mama mpole lakini hana mchezo. Kwanza aliniuliza dawa ninazomeza. Kumbe phenytoin ya kifafa, na nifedipine au amlodipine za presha, huweza kunenepesha ufizi, ingawa mara nyingi huo huvimba sehemu kubwa, si donge moja. (Ukiwa wazitumia, usiziache kwa kusoma blogu yangu. Mwambie daktari.) Kisha akapiga eksirei ndogo kuangalia mfupa, kwa sababu vinyama hivi vina aina: kuna cha mimba kilichojaa mishipa ya damu, kuna kigumu chenye chembe za mfupa ndani, na kuna cha seli kubwa ambacho huweza kula mfupa chini yake. Kwa macho vyafanana mno. Ndiyo maana nasema maabara.

Akanieleza kwamba homoni za mimba huufanya ufizi uchachamae kwa ukoga kidogo tu, na kwamba vingi hunywea baada ya kujifungua. Akakwangua ukoga wote, akaniambia tungoje, maadamu damu si ya kutisha. Changu kilinywea, hakikwisha. Nilipojifungua akakikata mpaka kwenye shina, akasafisha meno yaliyopakana nacho, na kile kipande akakitia kwenye chupa ya dawa kikapelekwa maabara. Jibu: si saratani. Hakijarudi hadi leo, alhamdulillahi.

Sasa tuambiane ukweli, sisi watu wa Pwani. Bibi arusi atapakwa hina mpaka magotini, atafukizwa udi wiki nzima, na ukoga uko mdomoni tangu shuleni! Mswaki wa mti ni mzuri, nautumia, lakini ukoga ulioganda hautoki kwa mswaki wowote, watoka kwa daktari. Kinyama kikikatwa na ukoga ukaachwa, umelipia bure. Na wale wa tambuu na tumbaku, msijifariji kwa hadithi yangu: kidonda kisichopona kwa wiki mbili, jino linalolegea bila sababu, mdomo kufa ganzi, hayo hayangoji mwisho wa mwezi. Maabara, jamani. Maabara.

Wewe dada wa Kisauni, mwezi wa nne hadi wa sita ndio wakati mwafaka wa kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno, kwa hivyo usingoje. Ukiona kliniki za watu binafsi ghali, jaribu Hospitali ya Rufaa ya Pwani pale Makadara. Beba kadi yako ya kliniki, taja mimba ina miezi mingapi, na kabla hujafungua mdomo waulize: mkikikata, kipande chaenda wapi? Wakikuangalia kama mjinga, shika mkoba wako utoke.